Gauni Likiwa Fupi Usilitupe

Mama mkulima, gauni la binti yako limekuwa fupi na fedha za mavuno bado? Hapa Shela leso huchakaa katikati, lakini pindo hubaki zima. Litumie.

1. Fumua upindo wa gauni. Pengine nguo iliyokunjwa ndani itatosha.

2. Isipotosha, kata pindo la upande mrefu wa leso. Upana uwe sawa na upungufu, na inchi 1 zaidi kwa mshono.

3. Lilaze uso kwa uso na gauni, ushone nusu inchi kutoka ukingoni. Ukingo wa leso usiokatwa uelekee chini, kwani haufumuki.

Leso kuukuu ni bora kuliko mpya: imekwisha kufuliwa mara nyingi, haitapungua wala kutoa rangi. Binti atavaa kwa heshima, na fedha zitanunua mbegu.