Somo la Dhamiri: "Sisi", "Wao", na Amana ya Mwenye Kalamu

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mwanafunzi wa nahau hufundishwa mapema khabari ya dhamiri, nazo ni mafungu matatu: dhamiri ya mwenye kunena, kama mimi na sisi, dhamiri ya mwenye kuambiwa, kama wewe na ninyi, na dhamiri ya asiyekuwapo, kama yeye na wao. Wengi huyahifadhi mafungu haya kwa ajili ya irabu, kisha wakayaacha chuoni. Walakini dhamiri si ya irabu peke yake. Ndiyo mlango ambao msomaji huingilia katika khabari. Humwonyesha asimame upande wa nani, na amtazame nani kwa mbali.

Sababu ya kuandika somo hili ni jambo lililotokea katika madrasa yetu hapa Tabora. Niliwaamuru wanafunzi waandike khabari fupi ya njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo hata Unyanyembe, kisha ikaenda Ujiji. Kijana mmoja akaandika ya kuwa sisi tulikuja Tabora kwa biashara, tukanunua pembe, na watumwa wetu wakachukua mizigo mpaka pwani. Alipokwisha kusoma, mwenziwe aliyeketi naye mkeka mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu: "Maalim, mimi nimo katika sisi, au nimo katika watumwa wetu?" Darasa zima likanyamaza. Nami nikaona ya kuwa kosa si la kijana yule peke yake, bali ni letu tuliomfundisha irabu tusimfundishe amana.

MAS'ALA YA KWANZA: "SISI" NI NANI?

Katika Kiarabu na katika Kiswahili, neno la "sisi" laweza kumkusanya mwenye kuambiwa, na laweza kumwacha nje, wala herufi zake hazibadiliki. Tazama Suratul Fatiha. Mja huanza kumsifu Mola wake kwa maneno ya asiyekuwapo. Kisha maneno yakageuka, akamsemesha Mola wake kama aliye mbele yake. Wanavyuoni wa balagha huliita geuzo hili iltifati. Tena, ijapokuwa anasali peke yake usiku chumbani mwake, huomba kwa neno la wingi, akajiingiza katika jamaa ya wenye kuabudu. "Sisi" hii hukusanya. Tajiri na hamali wamo sawasawa. "Sisi" ya kijana wetu ilitenga, kwani ilimtia ndani mwenye mali ikamwacha nje mwenye mabega. Basi kila uandikapo neno hili, jiulize: ni nani asikiaye akajua kuwa hayumo?

MAS'ALA YA PILI: MTENDAJI ALIYEFICHWA

Linganisha maneno haya matatu: tuliuchoma mji, mji ulichomwa, mji uliungua. Moto ni mmoja. Katika la kwanza mtendaji yuko wazi. Katika la pili amefichwa, na kwa nahau ya Kiarabu aliyetendwa hukaa mahali pake, akaitwa naibu wa mtendaji. Katika la tatu hata nafasi ya kuuliza "nani?" haipo, kana kwamba moto ulijiwasha wenyewe.

Kumwacha mtendaji si haramu. Huachwa asipojulikana, au akiwa anajulikana mno. Lakini mwenye kumjua akamficha ili awasitiri jamaa zake, huyo ameficha ushahidi. Nimesoma khabari nyingi za ukoo zilizoandikwa kwa mkono, nikaona desturi moja: ushindi huandikwa "tulishinda", na dhulma huandikwa "watu walitekwa". Kwa kheri twajitaja, kwa shari twajificha nyuma ya naibu.

MAS'ALA YA TATU: JINA NA JICHO LA MWENYE KULITAJA

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara aliwakataza waumini neno moja, ra'ina, akawaamuru waseme unzurna mahali pake. Maana yaliyokusudiwa na waumini yalikuwa mema, illa neno lenyewe lilikuwa limepata matumizi maovu katika ndimi za wengine. Na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikataza bwana kumwita mtu "mtumwa wangu", akafundisha amwite kijana wangu. Ikiwa neno moja lilistahili kukatazwa, yatupasaje sisi kupima maneno yetu?

Twaa mfano wa Unyanyembe. Mtemi Mnywa Sele alitaka mali ya ushuru kwa wafanyabiashara. Wakamwondoa mwaka 1860, wakamsimamisha Mkasiwa, naye akapigana nao hata akauawa mwaka 1865. Aliyesimama barazani kwa wafanyabiashara atamwita mwasi. Aliyesimama uani kwa Mnywa Sele atamwita mtemi aliyenyang'anywa kiti. Na mali ile waliyotozwa wenye misafara njiani iliitwa hongo, yaani malipo ya kupita. Leo neno hongo lina maana ya rushwa. Basi mwenye kulinukuu bila kulifasiri huwageuza watemi wote wa njia kuwa wala rushwa, naye hakukusudia.

Kadhalika ninyi ndugu zetu wa Pwani husema "bara", kana kwamba huku ni nyuma ya nchi. Kwa mtu wa Unyanyembe hapa ndipo kati: wa kaskazini ni Wasukuma, wa kusini ni Wadakama, kwa maana ya pande hizo katika lugha yake. Na mpagazi wa Kinyamwezi aliyechukua mzigo kwa ujira usimchanganye na mtu aliyefungwa mnyororo. Wanyamwezi walikuwa na misafara yao wenyewe iliyoshuka pwani.

Marehemu Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyekufa Unguja mwaka 1905, ambaye baba yake alikaa huku Unyanyembe, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Brode akayapiga chapa mwaka 1902 na 1903. Faida yake ni kubwa. Lakini mwenye kunena humo ni yeye, na hata adui anaponena, hunena kwa ulimi wa Hamed. Watu wengi wa bara humo ni washenzi. Kisome, wala usisahau kuwa waliopigwa hawakuandika chao.

TANBIHI

Huenda mtu akasema: "Tukiyaacha maneno ya wazee, si tutakuwa tumeificha khabari yenyewe?" Jawabu: Sikukuamuru kufuta. Mwenye kunukuu na anukuu neno kama lilivyo, aseme ni la nani. Wala usiseme "watumishi" ili kuupamba utumwa. Huo ni uongo mwingine. Bali ukinena kwa ulimi wako, sema "mtu aliyetiwa utumwani", kwani neno hili humrudishia utu wake, na humlazimu msomaji kuuliza ni nani aliyemtia. Sheria ilikomesha utumwa Tanganyika mwaka 1922; neno limebaki majumbani, hutupwa kama jiwe siku ya ugomvi na siku ya posa. Na Suratul Hujurat imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli.

Yule aliyeuliza sikumwuliza nasaba yake, na nikawakataza wenziwe wasimwulize. Nikampa kijana wa kwanza kalamu, naye akaandika upya: "Wafanyabiashara walikuja Tabora, na wazee wangu walikuwamo. Walinunua pembe, na walinunua watu. Wapagazi walichukua mizigo kwa ujira, na waliotiwa utumwani waliichukua bila ujira. Sisi tulioketi mkeka huu ni wajukuu wa wote hao." Akamtazama mwenziwe, kisha akaketi.

MASUALA YA MWANAFUNZI

1. Twaa barua uliyoiandika, upige mstari chini ya kila "sisi". Nani yumo?
2. Tafuta kitendo kisichotajwa mtendaji. Je, humjui, au wamficha?
3. Kila jina ulilompa mtu, lisome mbele yake. Ukiona haya, libadilishe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kalamu zetu ziwe shahidi wa haki, hata juu ya nafsi zetu. Wallahu aalam.