Somo: Risasi Nayo Huambukiza

Chuoni tuliwafundisha walimu kwamba kipindupindu hakikomi kwa kuwakemea wagonjwa, ila kwa kukata njia ya maambukizo. Na bunduki je? Huko Marekani, tangu mwaka 2020, risasi zimeua watoto na vijana wengi kuliko ajali za magari. Dakta Gary Slutkin, aliyepambana na kipindupindu kambini Somalia, aliona kuwa risasi nayo huambukiza: anayeuawa leo, rafikiye hulipiza kesho. Basi mradi alioanzisha Chicago mwaka 2000 ukawatuma watu wanaoaminika mtaani, hata waliowahi kuwa katika magenge, wawatulize vijana kabla ya kisasi.

Tujiulize: hapa kwetu kijana akiumiziwa nduguye, nani kati yetu atakwenda kuketi naye usiku ule ule?