Nyumba Ikiungua: Je, Ina Sola au Jenereta?

Nyumba ya jirani inaungua mchana. Umekimbia na ndoo ya maji. Mtu amekwisha kuzima swichi kuu ya umeme wa TANESCO. Je, umeme umekwisha ndani ya nyumba?

Haujaisha, kama nyumba hiyo ina umeme wa akiba. Siku hizi nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zina sola au jenereta. Ni jambo jema; hata zahanati hupata taa ya kuzalishia akina mama usiku. Lakini paneli ya sola hutoa umeme maadamu jua linaiangaza. Betri nayo hukaa na umeme usiku kucha.

Sola ndogo ya volti 12, ya taa mbili tatu, kwa kawaida haiui mtu. Cha kuogopa ni inveta. Hiyo huufanya umeme wa betri kuwa wa volti 230, sawa na ule wa TANESCO. Paneli nyingi zilizounganishwa pamoja, kama za shuleni, nazo zinaweza kuua.

Kwa hiyo mwenye nyumba, usikimbilie godoro. Paza sauti: "Kuna betri chumbani! Kuna sola juu ya bati!" Asiyejua atamwaga maji juu ya waya, na maji hupitisha umeme. Mtu asipande juu ya bati. Pigeni simu zimamoto, namba 114, nao waambieni habari ya sola.

Sasa jenereta. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, watu wa Mufindi na Rungwe hufunga milango na madirisha. Wengine huwasha jenereta humo humo ndani kwa kuogopa wezi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Akilala, huenda asiamke. Jenereta ikae nje, mbali na mlango na dirisha.

Wala usiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Umeme utarudi kwenye waya wa TANESCO, na transfoma inaweza kuupandisha hadi maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini waya hauna umeme. Ana watoto kama wewe. Tafuta fundi akuwekee swichi ya kubadilishia.

Mtu akinaswa na umeme nyumbani, usimshike. Zima umeme kwanza. Ukishindwa, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, mlaze chali, ukandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine atafute gari. Ukichoka, mpokezane.