Bwana Afya, Panya na Sheria



Bwana afya akionekana sokoni, wengi wetu hufunga kibanda mbio. Tunamwona kama askari. Woga huu una historia.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota haraka kando ya kinamasi. Wafanyabiashara Wahindi walisongamana mahali palipoitwa Bazaa. Mwaka 1902 tauni ikaingia humo. Ugonjwa huu huenezwa na viroboto wa panya, na panya hufuata nafaka na takataka. Daktari wa serikali akaamuru Bazaa ichomwe, ikachomwa. Lakini moto hauchimbi mtaro, na tauni ilirudi miaka iliyofuata. Mwaka 1913 akaja Profesa Simpson kutoka London kutoa ushauri. Alisema nini? Ati Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe, kila mtu na mtaa wake! Kwangu mimi hiyo haikuwa afya, ilikuwa ubaguzi uliovaa koti la daktari.

Na huko kwao je? Katika mji wa Huddersfield, Uingereza, mnamo 1904 na 1905, meya Broadbent aliahidi pauni moja kwa kila mtoto wa mtaa wa Longwood atakayefikisha mwaka mmoja. Akina mama walitembelewa nyumbani na kufundishwa kutunza watoto. Hakuna nyumba iliyochomwa. Tofauti ni kwamba meya yule alitoka katika baraza lililochaguliwa na wenyeji wa mji, ingawa si wote walikuwa na kura. Mwafrika wa Nairobi hakuwa na kura hata kidogo.

Sheria yetu ya Afya ya Umma, Sura 242, ilianza 1921, wakati huo wa wakoloni. Imerekebishwa mara kadhaa na bado inatumika. Watu wanajua inaweza kukushtaki kwa uchafu. Wachache wanajua kifungu 116, ambacho kinaagiza serikali ya mtaa yenyewe iweke eneo lake safi. Tangu 2013 kazi hiyo iko mikononi mwa kaunti, yaani kwetu ni Uasin Gishu. Basi kama mtaro wa soko umeziba, kikundi kiandike barua, mwenyekiti na katibu watie sahihi, nakala ibaki kwenye faili, na mwulize jibu litatoka lini.

Mjadiliane kikundini:
Ni uchafu gani hapa Turbo tunaoweza kuondoa wenyewe Jumamosi hii?
Ni upi unaohitaji barua, na nani ataipeleka?
Bwana afya amewahi kualikwa kwenye mkutano wetu, au tunamngoja aje kufunga vibanda?