Sikio Linalotoka Usaha Mara kwa Mara: Tiba Gani Zinafaa Nyumbani?



Mwezi huu tuzungumze juu ya masikio ya watoto. Baridi na vumbi la Juni na Julai vikianza hapa Kintinku, watoto hupata mafua, na nyuma ya mafua hufuata masikio. Akina mama wanaotuletea watoto hao husema karibu maneno yale yale: "Nesi, hili sikio lilianza mwaka jana. Linapoa, halafu linarudi." Tukiuliza limetiwa nini, tunatajiwa mafuta ya alizeti, kitunguu, asali, maziwa ya mama, majani yaliyotwangwa, hata mkojo.

Hatuandiki ili kumcheka mtu. Mzazi anayeamka usiku kwa kilio cha mtoto hutumia kilicho karibu. Lakini sikio likichezewa, mtoto anaweza kupoteza usikivu. Kwa hiyo tuzipime tiba hizo moja moja.

KWA NINI SIKIO LINARUDI?

Ndani ya sikio kuna kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma ya muheme. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye mrija unaokwenda nyuma ya pua na koo. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto ni mfupi na umelala, hivyo vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi. Mrija ukivimba, maji hukwama, usaha hutunga na kukisukuma kiwambo. Hapo ndipo mtoto hulia na kushika sikio. Wakati mwingine kiwambo hutoboka na usaha hutoka nje.

Madaktari husema ugonjwa unajirudia ikiwa mtoto ameugua mara 3 katika miezi 6, au mara 4 katika mwaka. Watoto wengi huachana nao wakikua, kwa kuwa mrija hurefuka na kuinama.

KWA NINI DAWA NYINGI HUONEKANA ZIMEPONYA?

Hili ndilo jambo tunaloomba mlishike. Maumivu mengi ya sikio hutulia yenyewe ndani ya siku 2 au 3. Mama akitia mafuta siku ya pili, siku ya tatu anamwona mtoto anacheza. Sifa zote huenda kwa mafuta, ingawa mwili ndio uliofanya kazi.

Tena, kiwambo kikitoboka, maumivu hukoma ghafla kwa sababu usaha umepata njia. Watu husema, "Dawa imetoa uchafu." La hasha! Ni kiwambo kilichopasuka. Mtoto ametulia, lakini sasa sikio lina tundu, na kila kinachotiwa humo huingia hadi ndani.

TUZIPIME TIBA

Mafuta ya alizeti. Kiwambo kikiwa kizima, mafuta hayafiki palipo na ugonjwa, maana kiwambo kinazuia. Kikiwa kimetoboka, yanaingia pasipotakiwa. Yakiwa ya moto, yanaunguza. Nyumbani hakuna awezaye kukiona kiwambo, kwa hiyo msitie.

Kitunguu. Mkoa wetu una vitunguu vingi, na ni chakula chema. Lakini maji ya kitunguu saumu kibichi huchubua ngozi ya sikio. Ni kweli kwamba mwaka 2003 watafiti wa Israel walichapisha uchunguzi wa watoto 171 kuhusu matone ya mimea yenye kitunguu saumu, yaliyotengenezwa kitaalamu. Matone yalisaidia kidogo kupunguza maumivu. Lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba sehemu kubwa ya nafuu ililetwa na kupita kwa siku tu.

Asali. Asali ya Manyoni na Itigi ina sifa. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja anaweza kuilamba kutuliza kikohozi. Aliye chini ya mwaka asipewe kabisa, na sikioni isitiwe.

Maziwa ya mama. Hii ni dawa kubwa, lakini njia yake ni mdomoni! Yakitiwa sikioni hugeuka chakula cha vijidudu.

Mkojo, mafuta ya taa, unga wa majani. Hivi visitumike kamwe. Vinaunguza na vinaongeza vijidudu.

Kukata kimeo. Wapo wanaoambiwa kwamba mafua, kikohozi na masikio ya mtoto vinatokana na kimeo kirefu. Kimeo hakileti ugonjwa wa sikio. Kukikata kumesababisha watoto kutoka damu nyingi, na wembe usio safi huweza kuleta pepopunda au virusi vya UKIMWI.

Mshumaa wa sikio. Tiba hii imetoka ng'ambo: mshumaa wenye uwazi huwashwa sikioni eti uvute uchafu. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba unaunguza na hauna faida.

Ubani wa zailitoli. Hii ni sukari itokanayo na mimea. Huko Finland, mwaka 1996, watafiti waliwapa watoto wa shule za awali ubani wa kutafuna kwa miezi 2, mara 5 kwa siku. Kati ya watoto 149 waliotafuna wenye sukari ya kawaida, 31 waliugua sikio. Kati ya 157 waliotafuna wa zailitoli, waliugua 19. Basi si kila tiba mbadala ni uongo. Lakini ubani huo ulikinga, haukuponya, na mtoto mdogo aweza kupaliwa nao.

Serikali yetu inaitambua tiba asili kwa sheria ya mwaka 2002, na pale Muhimbili ipo taasisi inayochunguza dawa za mimea. Kwa hiyo msituogope. Mkiwa mmempa mtoto dawa ya mizizi, tuambieni bila aibu, ili tusimpe dawa itakayogongana nayo.

TIBA YA NYUMBANI INAYOFAA: KUKAUSHA SIKIO

Sikio linalotoka usaha haliponi likiwa limelowa. Tiba hii haina gharama kubwa na kila mzazi anaweza kujifunza:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini isiyokatika ovyo. Kisokote kiwe kama utambi wa koroboi. Usitumie kijiti cha kiberiti wala unyoya wa kuku.
3. Ingiza utambi taratibu, ungoje ulowe, uutoe.
4. Weka mwingine mkavu. Rudia mpaka utoke mkavu.
5. Fanya hivyo angalau mara 3 kila siku, mpaka usaha ukome.
6. Usiache pamba ndani ya sikio, wala maji yasiingie wakati wa kuoga. Mtoto asiogelee mtoni wala kwenye majaruba.

Kwa maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe aspirini.

Pamoja na kukausha, mlete kituoni. Usaha wa chini ya siku 14 kwa kawaida hutibiwa kwa antibiotiki ya kunywa. Mmalize siku zote mlizoandikiwa, na mrudi baada ya siku 5. Usaha wa siku 14 au zaidi huhitaji kukaushwa na kutiwa matone maalumu. Msinunue matone dukani kwa kubahatisha, maana yako yanayoweza kudhuru usikivu kiwambo kikiwa kimetoboka.

KINGA

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, na asinyweshwe chupa akiwa amelala chali. Asikae jikoni penye moshi wala karibu na mvuta sigara. Mfundisheni kupenga kamasi taratibu. Apate chanjo zote: ya nimonia, inayotolewa nchini tangu mwaka 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua, akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Surua huharibu masikio mengi.

USINGOJE KESHO

Mpeleke hospitali mara moja mtoto akiwa na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, shingo ngumu, degedege, kutapika kila kitu, uso uliopinda upande mmoja, kizunguzungu, au asipoweza kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye asingojewe.

MTOTO MKAIDI, AU HASIKII?

Sikio linalotoka usaha mwaka mzima hupunguza usikivu kidogo kidogo. Mtoto haitiki akiitwa kwa nyuma, huongea kwa sauti kubwa, husogelea redio, na darasani hubaki nyuma. Baba humwita mkaidi na mwalimu humchapa, kumbe hasikii. Kabla ya kumwadhibu, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mlete apimwe. Wenye kuhitaji mtaalamu wa masikio hupewa rufaa, na kiwambo kilichotoboka chaweza kuzibwa kwa upasuaji. Kilichokwisha haribika ndani zaidi hakirudi. Ndiyo maana tunawasihi mlete sikio likiwa bado la wiki, lisifike mwaka.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni vitu gani huwa tunatia katika sikio la mtoto? Tutaacha vipi?
2. Nani kati yetu anaweza kuonyesha jinsi ya kukausha sikio kwa utambi?
3. Je, yuko mtoto tunayemwita mkaidi ambaye hatujampima usikivu?