Stempu ya kale: halisi au ya kughushi?

SWALI: Nakusanya stempu hapa Juba. Mtu ananiuzia stempu za Misri zenye chapa ya "SOUDAN", anasema ni za 1897. Nitazijuaje?
Mkusanyaji, Juba

JIBU: Ndugu yangu, usitoe pesa kwanza. Chapa hiyo imeghushiwa sana, kwa kuwa stempu ya Misri isiyo na chapa ni rahisi kupatikana. Chukua lenzi utazame muhuri wa posta. Stempu halisi ilichapwa "SOUDAN" kwanza, muhuri ukagongwa baadaye. Ukiona wino wa chapa umekaa juu ya muhuri, achana nayo.

Akikuletea ile ya tarishi juu ya ngamia iliyotoka 1898, ielekeze kwenye mwanga. Toleo la kwanza lina alama ya maji ya ua. Lile la 1902 lina mwezi na nyota, kwani Waislamu waliliona ua kama msalaba. Hesabu na meno: 14 kila sentimita 2. Ukingo ulionyooka mno huenda umekatwa upya.

Muuzaji akikataa uikague, mrudishie.