Umelitoa Wapi? Somo la Kuandika Maneno ya Wengine kwa Haki

SHABAHA YA SOMO. Mtoto wa mwaka wa sita ajue kuandika habari aliyoisoma kitabuni au aliyoisikia kwa mtu, pamoja na jina la mwenye habari, mahali na siku. Tena azoee kutenga maneno ya mwingine na maneno yake mwenyewe.

VIFAA. Vipande viwili vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba; kikaratasi na uzi; kitabu kimoja cha shule; karatasi za daftari zilizokatwa sehemu nne nne; sanduku tupu la sabuni.

1. Kuanza somo

Mwalimu aweke mezani yale mawe mawili. La kwanza liwe tupu. La pili lifungwe kikaratasi kwa uzi, nacho kiandikwe mahali jiwe lilipookotwa, siku, na jina la aliyeliokota. Kisha awaulize watoto: Mtu akitaka kurudi mahali palipo na shaba, jiwe lipi litamfaa?

Watoto wa Kolwezi hawatachelewa kujibu. Wengi wao wana baba au kaka afanyaye kazi machimboni, nao wamesikia jinsi wapimaji wa miamba wanavyotoboa ardhi kwa kekee, wakatoa vipande virefu vya mwamba na kuvipanga katika masanduku. Kila sanduku huandikwa namba ya shimo na kina cha mita. Sanduku likipoteza maandishi yake, mwamba uliomo ni ule ule, wala shaba yake haikupungua hata chembe. Lakini haufai tena kitu, kwa maana hakuna ajuaye achimbe wapi.

Hapo mwalimu aseme: Neno nalo ni vivyo hivyo. Neno la kweli lisilojulikana lilikotoka ni kama jiwe lile la kwanza. Laweza kuwa zuri, lakini hakuna awezaye kurudi kwenye shimo lake na kulipima.

2. Maelezo

Yeye aandikaye maneno ya mwingine ana madeni mawili. Deni la kwanza ni kwa mwenye maneno. Mtu aliyetaabika kutafuta habari, kuzipima na kuziandika amefanya kazi. Mwingine akizitwaa na kuzionyesha kama zake, amejitwalia jasho lisilo lake. Watoto waliojifunza Amri ya Saba wanajua kwamba wizi hauwi wa kuku na fedha tu. Deni la pili ni kwa msomaji. Msomaji huuliza: Nitajuaje kwamba jambo hili ni kweli? Akikosa jibu, hana budi kuamini kama kipofu au kukataa kama mkaidi. Aonyeshwapo chanzo, aweza kwenda kutazama kwa macho yake. Basi hapo Amri ya Nane nayo imeguswa.

Tena jambo hili si desturi ngeni iliyoletwa na vyuo vikuu vya leo. Mtakatifu Luka, anapoanza Injili yake kwa kumwandikia Teofilo, hataji kwanza muujiza wala mfano. Anaeleza kwamba wengine wamekwisha kuandika kabla yake, kwamba habari zimetoka kwa wale walioona tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe amezichungua kwa bidii kabla ya kuzipanga. Ndiko kutaja chanzo. Mwalimu awasomee watoto aya zile nne za kwanza, kisha awaulize: Luka aliyaona mambo haya mwenyewe, ama aliyapokea kwa wengine? Je, alificha?

3. Mifano ya nchi ya Lualaba

Mfano wa kwanza: wakula shaba. Zamani, kabla ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, wenyeji wa nchi hii walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, na shaba yake wakaitia katika kalibu za umbo la msalaba. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza misioni za Katanga, alitoa maandishi juu ya kazi hiyo na watu hao waitwao wakula shaba. Mafundi wa tanuru zile wamekwisha kufa. Mtu wa leo atakaye kujua habari zao huyarudia maandishi yale ya 1926. Basi mtoto akiandika juu ya misalaba ya shaba bila kutaja mwandishi wala mwaka, msomaji atadhani ni masimulizi ya juzi, asijue kwamba yalikusanywa karibu miaka mia iliyopita, wakati wazee walioijua kazi ile wangali hai.

Mfano wa pili: watumishi wa nyumbani. Mwaka 1965 André Yav alitoa mjini Elisabethville, kwa Kiswahili, maandishi yaitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni historia ya mji ule kama walivyoikumbuka watu waliopika, kufua na kufagia katika nyumba za Wazungu. Mambo mengine humo hayapatani na vitabu vya Wazungu wenyewe. Lakini kwa kuwa yajulikana ni nani aliyeandika, wapi, mwaka gani, na kwa ajili ya watu gani, msomaji aweza kuyapima: hapa mtumishi anasema aliyoyaona jikoni, pale anasema aliyoyasikia kwa wengine. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na lugha, aliyachapa tena pamoja na tafsiri na maelezo. Kumbukumbu za maboyi zikawa kitabu cha kusomwa na wataalamu wa nchi nyingi, wala jina la Yav halikupotea.

Mfano wa tatu: majina yanayobadilika. Kitabu cha mwaka 1950 hakina Lubumbashi wala Likasi, bali Elisabethville na Jadotville. Majina hayo yaliachwa mwaka 1966. Mkoa wa Katanga uliitwa Shaba hata mwaka 1997, na mwaka 2015 ukagawanyika, ndipo Lualaba ikawa mkoa na Kolwezi mji wake mkuu. Mtoto asiyeandika mwaka wa kitabu chake atachanganya haya yote. Kwa hiyo aandike jina kama lilivyo kitabuni, na kando yake jina la leo.

Mfano wa nne: vita ya mwaka 1978. Tarehe 13 Mei mwaka ule watu wenye silaha waliotoka Angola waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Juu ya tarehe hizo vitabu vinapatana. Juu ya hesabu ya waliouawa havipatani. Hapa mwanafunzi asichague hesabu iliyo kubwa kwa kuwa inatisha, wala iliyo ndogo kwa kuwa inafariji. Aandike: kitabu hiki chasema hivi, kile chasema vile. Katika mji huu zimo familia ambazo mtu wao mmoja hakuhesabiwa na kitabu chochote. Hesabu iliyoandikwa ovyo ni dharau kwa wafu wao.

4. Kanuni sita

Mwalimu aziandike ubaoni, watoto wazinakili.

Ya kwanza. Chanzo kiandikwe kwanza, kabla ya neno lo lote la habari. Kwa kitabu: mwandishi, jina la kitabu, mji, mwaka, ukurasa. Kwa gazeti: jina lake na tarehe. Kwa habari iliyosomwa katika simu: ni nani aliyeitoa, na siku iliyosomwa. Asemaye «nitaandika chanzo baadaye» hataandika.

Ya pili. Karatasi moja, jambo moja. Mambo matano yakibanwa katika karatasi moja, siku ya kupanga insha hayatengeki.

Ya tatu. Maneno ya mwandishi yakinakiliwa kama yalivyo, yafungwe kwa alama mwanzo na mwisho. Asipotaka kunakili, mtoto asome, afunge kitabu, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe. Kugeuza neno moja moja huku kitabu kiko wazi si kuandika kwa maneno yake. Tena hata akiandika kwa maneno yake, habari ni ya mwandishi bado, chanzo kitajwe.

Ya nne. Mawazo ya mtoto mwenyewe yawekwe chini ya mstari, yasichanganyike na ya wengine.

Ya tano. Mzee aulizwe kwa adabu, naye aulizwe swali hili: Uliona, au ulisikia? Kuona ni ushahidi mmoja, kusikia ni mwingine. Vyote viwili vina kazi, lakini visipewe uzito mmoja.

Ya sita. Mzee asomewe yaliyoandikwa, aseme kama ndiyo aliyoyasema, na aombwe ruhusa ya kutaja jina lake. Akikataa, aheshimiwe, iandikwe tu «mzee mmoja wa mtaa fulani, hakupenda kutajwa». Wako watu wenye sababu za kuogopa, hasa habari ikigusa kazi, kiwanja au machimbo. Kuficha jina kwa kumlinda mtu, huku ikisemwa wazi kwamba limefichwa, si uongo.

5. Mfano wa karatasi

Kichwa: Tanuru za shaba.
Chanzo: Nkambo wangu, baba wa mama. (Hapa jina lake kamili, akikubali.)
Mahali na siku: Nyumbani kwake, Musonoi, Jumapili baada ya Misa. (Hapa tarehe.)
Aliona au alisikia: Alisikia kwa baba yake. Mwenyewe hakuona.
Maneno yake: «Udongo ulikuwa wa kichuguu.»
Mstari.
Mawazo yangu: Nimuulize kwa nini udongo wa kichuguu, si mwingine.

Karatasi zote zitiwe katika sanduku la sabuni, zipangwe kwa vichwa. Sanduku hilo ndilo maktaba ya darasa. Shule isiyo na kabati la vitabu isijione maskini kabisa, maana wazee waijuao nchi wako jirani nayo.

6. Mtaa uliohama

Mwishoni mwa maelezo mwalimu awaeleze watoto kwa nini kazi hii haiwezi kungoja. Mwaka 2014 mawe ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi. Watu wakachimba hata ndani ya nyua zao. Na mwaka 2017 wenyeji wa sehemu moja walianza kuhamishwa ili mahali pao pawe machimbo.

Ichukuliwe basi habari ya watoto wawili walioandika juu ya mtaa uliohama hivyo. Wa kwanza aliandika: «Zamani palikuwa na nyumba nyingi na mwembe mkubwa.» Wa pili aliandika kwamba nyanya yake, aliyekaa pale tangu alipoolewa, alimwonyesha kwa mkono, tarehe fulani, mahali mwembe uliposimama, na kwamba nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka pale, upande wa jua kuchwa. Maandishi ya wote wawili ni kweli. Lakini shimo likisha kumeza mwembe na nyumba, na nyanya akisha kuzikwa, na wajukuu wakitaka kujua walikotoka, ni karatasi moja tu itakayoweza kuwajibu. Ile nyingine itakuwa kama jiwe lisilo na kikaratasi.

7. Neno kwa mwalimu

Watoto hufuata wanayoyaona. Mwalimu asomaye kitabuni na kuwaandikisha darasa zima bila kutaja kitabu, amewafundisha wizi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama kinywa chake kinahubiri haki. Basi kila aandikapo ubaoni habari aliyoitoa kitabuni, aandike chini yake jina la kitabu na ukurasa. Ni mstari mmoja tu.

Tena akikuta insha mbili zinafanana neno kwa neno, asikimbilie fimbo. Amwite kila mtoto peke yake na kumwuliza kwa upole: Umelitoa wapi? Mara nyingi mtoto hakukusudia kuiba. Alidhani kwamba maneno yaliyopigwa chapa hayana mwenyewe. Aonyeshwe, aandike chanzo, arudishiwe daftari lake. Na mtoto anayeandika «sikupata kujua» mahali pa habari asiyoijua, apewe alama ya ukweli huo. Akipewa sifuri, mara ya pili atabuni.

MASWALI. Kwa nini sanduku la mwamba lisilo na namba halifai? Luka alipokea habari zake kwa nani? Kuna tofauti gani kati ya mzee aliyeona na mzee aliyesikia? Vitabu viwili visipopatana, mwanafunzi afanye nini? Mzee asiyependa kutajwa, jina lake liandikweje?

KAZI YA JUMA. Kila mtoto achague mahali pamoja palipobadilika katika mtaa wake: kisima, njia, mti au nyumba. Aulize watu wawili wenye umri mkubwa, kila mmoja peke yake, aandike karatasi mbili kama mfano ulivyo hapo juu. Jumatatu watoto wazisome darasani. Wale wazee wawili wasipopatana, mtoto asisahihishe neno la ye yote, bali karatasi zote mbili zitiwe sandukuni.